Kusi moja, misitu miwili

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kitalu kidogo cha miche hapa Maweni, Malindi. Disemba nilikwenda arusini Muheza, Tanzania, na shemeji zangu wakanipandisha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kutembea. Sijapata kuona kitu kama kile. Kila mti una jina lake, juu ya mti kuna mimea mingine, na juu ya hiyo kuna mingine tena. Nimekulia karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, na tangu nirudi naiona kama kichaka tu. Sisi na wao pwani ni moja na bahari ni moja. Mbona mlima ule ukajaaliwa hivyo na sisi tukanyimwa? Nilipewa zawadi ya miche mitatu: iliki, msambu, na kile kijiua cha zambarau chenye majani ya manyoya kinachoota mawe. Miwili imekufa. Nimekosea wapi, na je, miti ya kule yaweza kupandwa huku kwetu?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa miche. Lile neno “kichaka” limenichoma, lakini nitaliweka kando kwanza, maana ndani ya swali lako umeligusa jibu bila kujua. Umesema bahari ni moja. Kweli ni moja. Hata upepo ni mmoja.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kabla sijajua jina la mti hata mmoja nilijua kusi na kaskazi, kwa sababu nyumbani kwetu safari, samaki na hata bei ya unga vilifuata pepo hizo. Kusi huja kutoka baharini na limebeba maji. Likifika Malindi halikuti cha kulizuia. Ardhi yetu ni tambarare, kwa hiyo linapita juu ya minazi, linapita juu ya Arabuko-Sokoke, na maji mengi liliyobeba linaondoka nayo kwenda bara. Kule Usambara Mashariki mambo ni mengine. Milima inasimama wima kiasi cha kilomita 40 tu kutoka baharini, na vilele vyake vinapita mita 1,000. Upepo hauna pa kupita ila juu, na hewa ikipanda hupoa. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba maji yote iliyokuja nayo, basi huyaacha palepale. Ndiyo maana Amani hupata milimita 1,900 hivi za mvua kwa mwaka, Malindi mjini kama 1,000, na ule upande wa nyuma wa Arabuko-Sokoke, kaskazini magharibi, 600 tu.

Sasa usishike hesabu ya mwaka peke yake. Mche haufi kwa wastani wa mwaka, mche hufa mwezi wa pili. Sisi mvua yetu inakuja kwa mkupuo: masika yanafika, mwezi wa tano barabara zinageuka mito, kisha ukifika Januari na Februari kaskazi linavuma kavu na vumbi linaingia mpaka ndani ya mitungi. Amani haina mwezi mkavu kabisa. Hata mvua isiponyesha kuna ukungu. Asubuhi moja nilisimama pale mwezi wa sita, mbingu haijatoa tone. Uwanjani nyasi zilikuwa na unyevunyevu tu, lakini nilipoingia chini ya miti nililowa mabega. Majani yalikuwa yanaukamua ukungu. Kila jani lilikuwa na ncha ndefu iliyochongoka, na kwenye kila ncha tone lilikuwa likijikusanya, likining’inia, likidondoka, na jingine likishika zamu. Ukitazama majani mengi ya kule utaiona ncha hiyo. Inayatelezesha maji upesi ili jani lisishinde limelowa na kuota ukungu mwingine, ule wa kuvu.

Unyevu huo usiokatika ndio unaolisha ile “mimea juu ya mimea” uliyoiona. Okidi, kangaga, kuvumwani na jamaa zao hawana mizizi ardhini. Hawamnyonyi mti kama watu wengi wanavyodhani. Wamepanga tu, na kodi hawalipi. Maji yao yote yanatoka hewani. Wiki tatu za kaskazi letu zingewamaliza wengi wao. Niliwahi kukaa mbele ya shina moja kule Amani na daftari, nikasema niandike kila kinachoota juu yake. Nilijaza kurasa tatu na bado nilikuwa sijafika usawa wa kichwa changu.

Lakini mvua ni nusu ya jibu tu. Ziko nchi zenye mvua kuishinda Amani na hazina hata robo ya mimea yake. Nusu ya pili ni umri.

Usambara ni kiungo kimoja katika mnyororo wa milima inayoitwa Tao la Mashariki. Ni safu 13, zinaanzia Taita kwetu Kenya, zinapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Uluguru na nyingine, mpaka Udzungwa na Mahenge kusini. Kilimanjaro, ambayo kila mtu huidhania mzee wa milima yote, mbele ya hawa ni mtoto: haijafikisha miaka milioni tatu. Milima ya Tao ilianza kuinuliwa kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita, na mawe yenyewe ni ya zamani zaidi kwa mbali. Na juu yake msitu umedumu. Zama za barafu zilipokuja, Afrika ilikauka na misitu mingi ilinywea ikawa mabaka. Tao la Mashariki halikunywea hivyo, kwa sababu Bahari Hindi haikupoa sana na upepo wake uliendelea kuleta maji. Wataalamu walipochimba matope ya kinamasi kimoja kule Udzungwa na kuhesabu chavua zilizolala humo tabaka kwa tabaka, walikuta miti ya msitu ipo hata katika tabaka za zama zile za ukame. Kwa hiyo unapotembea Amani unatembea kwenye nyumba ambayo haijapata kuhamwa. Wapangaji wa zamani hawakutoka, na wapya wakaendelea kuingia.

Kisha kuna habari ya visiwa. Sisi Waamu twasema “ndia” na “mato”, Waunguja wasema “njia” na “macho”. Hakuna aliyekaa akaamua tutofautiane. Bahari ilitutenga, kila upande ukabaki na mazungumzo yake, na baada ya miaka mingi ya kutosikilizana kila siku, maneno yakaachana. Mimea ya Tao imefanya vivyo hivyo. Kati ya mlima na mlima kuna nyika kavu, na mbegu ya mmea wa msitu haiwezi kuivuka kama vile mtu asiye na chombo hawezi kuvuka mkondo wa Mkanda kule kwetu Lamu. Kila mlima ukabaki na lahaja yake.

Mfano mzuri ni hicho kijiua chako. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikiona, na kikapelekwa Ujerumani kwa babake. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wenye kukijua kabla yake, Wasambaa waliokuwa wakikipita kila siku wakienda mtoni, hawakuulizwa. Leo kiko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na Wajerumani wenyewe bado hukiita kwa jina la Usambara. Siku hizi wanasayansi wamekihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini jina la zamani halitoki midomoni. Jambo la kutazama ni hili: Uluguru kuna ndugu yake asiyefanana naye, Taita katika msitu wa Mbololo kuna mwingine ambaye haoti mahali pengine popote duniani, na usishangae, mmoja yuko hapa hapa Kaunti ya Kilifi, kwenye miamba ya chokaa ya Cha Simba, upande wa Kaloleni. Umevuka mpaka kufuata ua ambalo jirani yake yuko kwenu.

Liko jambo jingine, na hili wewe mwenye kitalu utalielewa kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Wajua ukisia mbegu za mpapai zikabanana kwenye tuta moja, ukazidisha maji, nini hutokea. Kinyausi. Mche mmoja unalegea shingo, kesho ni kumi, keshokutwa tuta zima limelala. Kuvu iliyokuwa udongoni imepata chakula chake imelundikiwa mahali pamoja. Basi msitu wenye unyevu mwaka mzima ni tuta hilo lisilokauka. Chini ya kila mti mkubwa mbegu zake zinaanguka kwa maelfu, na pale pale kuvu na wadudu waliozoea ukoo wa mti huo wanazisubiri. Miche mingi inayoota chini ya mama yake hufa. Inayopona ni ile iliyobebwa mbali na hondohondo au popo au nyani, ikaangukia penye mama wa ukoo mwingine, ambako maadui zake si wengi. Matokeo yake hakuna ukoo mmoja unaoweza kuteka msitu. Simama chini ya mti wowote Amani, halafu tafuta mwenzake wa aina ile ile. Mara nyingi utatembea sana.

Kwetu ukame ndio unaoua kuvu na kupunguza wadudu. Maadui wanalala miezi kadhaa kila mwaka. Na hapa sasa nirudi kwenye kichaka.

Nakuomba uende Arabuko-Sokoke tena, lakini safari hii usitazame juu, tazama chini, kwenye mchanga. Upande wa mashariki, karibu na Gede, mvua ni afadhali kidogo, na hapo ndipo utakuta msitu mchanganyiko wenye mbambakofi, msandarusi na jamii nyingi nyingine. Ukisogea katikati mchanga unakuwa mweupe kama wa ufuoni, na ghafla karibu kila mti ni mrihi. Ukienda magharibi zaidi udongo unageuka mwekundu, miti inakuwa mifupi, imebanana, na ndani yake hupiti bila kuchanika nguo. Hiyo ni misitu mitatu ndani ya uzio mmoja wa kilomita za mraba 420 hivi. Kila mmoja umechagua mchanga wake.

Mrihi wenyewe una siri. Mizizi yake imefunga ndoa na aina za kuvu zinazoizunguka kama soksi. Kuvu inaleta maji na madini kutoka kwenye mchanga ule maskini, mti unailipa kwa sukari, na zaidi ya hayo soksi ile inaikinga mizizi na kuvu wabaya. Ndiyo maana mche wa mrihi unaweza kukua chini ya mamake bila kufa, na ndiyo maana mrihi umeweza kuteka eneo zima wakati miti ya Amani haiwezi. Uchache wa aina pale una sababu yake, na mti ulioushinda mchanga ule mimi nauvulia kofia.

Tukija kwenye hesabu, Arabuko-Sokoke hutajwa kuwa na aina 600 hivi za mimea. Usambara Mashariki yote ina zaidi ya 2,000. Kwa kuhesabu vichwa umeshindwa, sikatai. Lakini huu wetu ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki kwa pamoja kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na misitu hii miwili ni jamaa zaidi ya unavyodhani. Yule bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1965, kwa miaka mingi watu waliamini haishi mahali pengine. Mwaka 1992 akaonekana kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, pale miguuni mwa mlima. Bundi yule haruki kutoka Gede mpaka Muheza. Alirithi pande zote mbili, tangu zama ambazo msitu wa pwani ulikuwa mkanda ulioungana. Makaya ya Wamijikenda, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ni vipande vya nguo hiyo hiyo iliyochanika.

Usirudi pia ukidhani Amani ni pepo isiyoguswa. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902 na bustani yake kubwa ya miti ya kigeni. Katika miti iliyopandwa Usambara zamani hizo mmoja ni msizi, ambao asili yake ni misitu ya magharibi zaidi. Hondohondo wakayapenda matunda yake. Miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikatwa kwa mashine, msitu ukabaki na matundu, na kila tundu msizi ulikuwa wa kwanza kufika. Hapo ndipo ulipo mpaka leo. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, lakini hakuna amri ya serikali inayomrudisha msizi alikotoka. Ukitembea pale bila kujua utauona ni mti mzuri, mrefu, mnyoofu, na utausifu. Mimi mwenyewe niliusifu mara ya kwanza, mzee aliyekuwa akiniongoza akacheka mpaka akakaa chini.

Iliki nayo, hii tunayoitia kwenye chai na mahamri, ina kesi yake. Inapenda kivuli, kwa hiyo wakulima wa Usambara walikuwa wakifyeka miti midogo ya chini na kuacha mikubwa, kisha wanapanda iliki. Kwa mbali msitu unaonekana mzima. Ndani hakuna watoto. Miti mikubwa ikizeeka na kuanguka hakuna wa kurithi.

Sasa miche yako. Kwanza nikugombeze kidogo: mche hauvuki mpaka mfukoni kama peremende. Kuingiza mmea Kenya kunataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka, na sababu si urasimu. Ile kuvu niliyoisema inasafiri na udongo kwenye kimfuko, na wewe unauzia watu miche. Usifanye tena.

Iliki iliuawa na hewa. Amani ipo kwenye mita 900 hivi, na kila ukipanda mita 100 joto hupungua kama nyuzi 0.6. Maweni wastani wako ni nyuzi 26 au 27, kule ni kama 21. Iliki ingestahimili joto lako kama hewa ingekuwa na unyevu, lakini ulirudi nayo Disemba, kaskazi linaanza, majani yakakauka pembeni kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Nadhani ndivyo yalivyokuwa, sivyo?

Kijiua nacho nina hakika kilikufa kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Malindi vina chumvi, nazi huivumilia, huyu hawezi. Na ukimwagia maji juu ya yale manyoya, jani linapata madoa na kuoza. Ukija kupata mwingine kwa muuzaji halali, mpe maji ya mvua kutoka chini, kwenye kisahani, umweke kibarazani upande usiopigwa na jua la alasiri.

Kuhusu kupanda miti ya Amani huku, jibu langu ni hapana, na si kwa uchoyo. Utaimwagilia mpaka uchoke. Kitalu chako kingefaa kiwe na mbambakofi. Milango mingi ya zamani ya kwetu Lamu ilichongwa kwa mbao zake, na mbegu yake, ile nyeusi yenye kikofia chekundu, huota bila taabu ukiikwaruza ganda kidogo na kuilaza majini usiku mmoja. Weka msandarusi na mvule. Ukitaka kujaribu mrihi, mchanga wa kawaida hautoshi. Mche unataka ile soksi yake, kwa hiyo uombe ruhusa kwenye kituo cha msitu pale Gede upate konzi chache za udongo wa chini ya mrihi mkubwa, uchanganye kwenye mifuko ya miche. Ukisahau udongo huo, utaona mche unasimama pale pale mwaka mzima, haufi wala haukui.

Na msambu uliobaki, uache uishi, umeshavuka mengi. Uweke chini ya mwembe. Ila usiwaahidi wateja mafuta ya mbegu zake. Msambu una dume na jike, kila mmoja mti wake, na huwezi kuujua upi ni upi mpaka utoe maua, jambo linaloweza kuchukua zaidi ya miaka kumi. Siku hiyo ikifika na ukagundua ni jike, mume wa karibu atakuwa yuko Muheza.